Mwalimu wa Kuogelea Aliyeogopa Kulowa

Pale bwawani hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Walimwita Kasa. Alilipata ujanani, wakati wa mashindano ya shule, kwa sababu akizama upande huu wa bwawa watu walikaa wakimngoja, wakaanza kutazamana, wengine wakaanza kuvua viatu ili wakamwokoe, ndipo anachomoza upande wa pili polepole, ametulia, kama mtu aliyetoka kununua mkate. Hakuwa na haraka majini wala nchi kavu. Mkewe alizoea kusema kwamba hata wakigombana asubuhi, mumewe huanza kujibu siku inayofuata.

Kitu kimoja tu kiliweza kumtoa Kasa katika utulivu huo, nacho ni nywele zake.

Wanaume wa ukoo wao walikuwa watu wa vipara. Baba yao aliondoka duniani na kichwa kilichokuwa kikimeta kama sahani iliyofutwa vizuri. Kaka yake Kasa, fundi wa matairi mwenye karakana karibu na kituo cha mafuta, alimaliza nywele zake kabla hata hajaoa, na wala halikumnyima usingizi. Alikuwa akijipiga kofi utosini mbele ya wateja na kusema, "Matairi yangu yote yana alama za kushika barabara, isipokuwa hili." Wateja walicheka, yeye akicheka kuwashinda.

Kasa hakuweza kucheka. Paji la uso lilipoanza kupanda, alihisi kama anaibiwa kidogo kidogo na mtu anayeishi naye nyumba moja. Na alikuwa na sababu yake. "Mwalimu wa kuogelea ni kichwa," alimwambia mkewe. "Kilichobaki chote kipo chini ya maji. Wanafunzi wanatazama kichwa changu kutwa nzima."

Basi akaomba likizo, akaenda hospitali kupandikizwa nywele. Walimtoa nywele za kisogoni, ambako zilikuwa bado nzito, wakazipanda mbele moja moja kama miche ya kitaluni. Alirudi nyumbani uso umevimba, macho yamekuwa mstari, binti yake akakimbilia chumbani asionekane anacheka. Halafu zile nywele mpya zikadondoka, kama alivyokuwa ameonywa, na Kasa akaishi kwa wasiwasi hadi zilipoanza kuota tena. Zikaota kweli. Zikaja nyeusi, zimesimama, zina adabu. Mtu ambaye maishani mwake hakuwahi kubeba hata leso alinunua kitana cha mfukoni, na kila alipopita kwenye kioo cha gari la mtu alipunguza mwendo.

Kaka yake alikuja kumtazama, akamzunguka kama anayekagua gari kabla ya kulinunua. "Zimependeza," alisema mwishowe. "Siwezi kukudanganya. Ila ukizeeka usije kuniazima kofia."

Miaka ile ilikuwa mizuri. Kasa alichelewa kutoka bafuni na hakuna aliyemlaumu sana. Alipiga picha za familia akiwa mstari wa mbele. Akizama na kuchomoza, alirudisha nywele nyuma kwa mkono mmoja, na kina mama wa darasa la asubuhi walipeana macho.

Aliyeona wa kwanza alikuwa binti yake. Alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha baba yake, anamimina chai, akaacha kumimina.

"Baba," akasema, "hizi za mbele zipo. Lakini hapa nyuma yake naona ngozi."

"Ni taa hiyo," Kasa akasema.

"Taa imezimwa, baba. Ni saa saba mchana."

Alikwenda bafuni na kioo kidogo cha mkewe, akajigeuza hivi na hivi hadi shingo ikauma, akaona. Zile za kupandikizwa zilikuwa palepale, mstari mzuri juu ya paji la uso. Lakini nyuma yake, kuelekea utosini, palikuwa pameanza kuwa peupe, kama njia ya watu wanaokatiza uwanja wa mpira. Na baada ya hapo nywele zikaendelea tena kuelekea kisogoni kama kawaida. Kwa mbali alionekana amevaa ukingo wa kofia bila kofia yenyewe.

Akaanza hila. Wenye vipara wengine huvuta nywele za nyuma kuja mbele. Yeye alizivuta za mbele kwenda nyuma zikafunike pengo. Zikiwa kavu zilikubali. Zikilowa zilimsaliti, na kazi yake ilikuwa kulowa. Kofia za mpira hakuweza kuvaa, zilimtoa vipele tangu utoto na kila mtu pale bwawani alilijua hilo. Akajaribu ya kitambaa. Siku ya tatu, akiwaonyesha kina mama jinsi ya kuelea chali, ile kofia ikajaa maji, ikavuka taratibu kichwani, ikaondoka zake kuelekea upande wa kina kirefu. Kasa akasimama. Nywele za mbele zikamlala usoni kama pazia lililochanika, na utosi wote ukabaki juani.

Mwanafunzi mmoja, mwenye duka la vitambaa waliyemwita Mama Duka, hakuwa na breki mdomoni. "Mwalimu," alisema, "kofia yako inaogelea kuliko sisi wote."

Wenzake walicheka hadi mmoja akameza maji ya bwawa. Kasa naye alijikaza akacheka, lakini kesho yake hakuingia majini. Alisema ana mafua. Alisimama ukingoni na ile fimbo ndefu ya kuokolea, akafundisha akiwa nchi kavu, nywele zimechanwa, zimetulia. Mafua yale yakakaa wiki nyingi.

Mkewe ndiye aliyemburuta kwa daktari. Mkewe alikuwa fundi wa miwani. Kutwa nzima alipima nyuso za watu, na uso wa mumewe aliusoma bila hata kuvaa miwani. "Unaogopa bwawa," alimwambia. "Mtu aliyepewa jina la mnyama wa majini. Vaa viatu twende."

Daktari wa ngozi alikuwa mama mmoja asiyezungusha maneno. Alimwinamisha Kasa, akamkagua kwa lenzi yenye taa, akapitisha kidole mbele, katikati, nyuma.

"Zile zilizopandikizwa hazina neno," alisema. "Zimetoka kisogoni, na nywele za kisogoni ni sugu. Zikihamishwa, zinahama na usugu wao. Shida ni wenyeji, zile ulizozaliwa nazo hapa katikati. Hizo zilikuwa zinaondoka kabla ya upandikizaji, na bado zinaondoka. Kupandikiza kunaongeza nywele, hakuzuii zilizopo kupungua."

"Mbona mimi sikuambiwa?" Kasa akauliza.

"Uliambiwa," mkewe akasema. "Nilikuwepo. Ulikuwa unatazama picha za vichwa ukutani."

Daktari akajifanya hakusikia. Akaeleza kwamba kuna dawa ya maji ya kupaka kila siku, inaweza kupunguza kasi, lakini lazima aendelee nayo. Akiiacha, zile zilizokuwa zimeshikiliwa na dawa zitaondoka pia. Tena mwanzoni huenda zikadondoka zaidi, asitishike.

"Ikishapakwa isilowe kwa saa kadhaa," akaongeza.

"Mimi ni mwalimu wa kuogelea."

Daktari akamtazama mke. Mke akatazama dari.

"Basi paka jioni," daktari akasema. "Vidonge navyo vipo. Kwa wengine vina madhara, kwa hiyo hatuvianzi kienyeji, tutakaa tuzungumze kwanza. Unaweza pia kupandikiza tena kujaza hili pengo. Lakini akiba ya kisogoni ina mwisho wake. Ukiimaliza leo, na nyuma zaidi pakiendelea kupungua, siku hiyo tutachota wapi?"

"Na nikinyoa zote?"

"Utaonekana mstari wa kovu nyuma, pale walipotoa. Si mkubwa." Akazima ile taa. "Na unaweza usifanye kitu. Nywele haziumi. Mimi nitakueleza yote hayo tena ukitaka, lakini kichwa ni chako."

Kasa alitoka pale amechanganyikiwa kuliko alivyoingia. Alikuwa ametarajia kuambiwa afanye nini. Alianza na ile dawa ya kupaka, maana ndiyo ilikuwa rahisi kuanza nayo. Jioni alipaka, akakaa sebuleni shingo imenyooka kama mtu aliyebeba ndoo. Ilimwasha. Nywele zikaanza kubaki kwenye taulo, nyingi kuliko zamani, na ingawa alikuwa ameambiwa asitishike, alitishika. Kila asubuhi aliziokota moja moja kwenye mto wa kulalia, akiziweka kwenye kiganja na kuzitazama kama wageni wanaoaga kabla ya chakula. Binti yake alimhurumia sana hata akaacha mizaha, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

Alikwenda karakanani kwa kaka yake kupoza moyo. Lilikuwa kosa, ingawa alijua ni kosa tangu njiani. Kaka alikuwa amelala chini ya gari; akatoka, akajifuta mikono, akamwambia ainame. Kasa akainama. Kaka akamkagua mbele, utosini, kisogoni.

"Watu husema fulani hana mbele wala nyuma," akasema. "Wewe mdogo wangu una mbele, una nyuma. Huna katikati."

Mafundi wawili waliokuwa wakijaza upepo waliacha mpira ukapiga mluzi. Kasa alikusudia kukasirika, lakini kicheko kikamtoka puani kabla hajakizuia, akajikuta anashikilia rundo la matairi asianguke. Walicheka wote hadi wakachoka. Kisha kaka akamvuta pembeni, akamtengea tairi akalie.

"Sasa bila utani," alisema. "Mimi nilinyoa kwa sababu sikuwa na kitu cha kupoteza. Wewe unacho cha mbele, umekipata kwa maumivu. Sikuambii unyoe. Ila watu wa huko bwawani wananiuliza kama unaumwa. Mteja mmoja hapa, mkewe yuko darasani kwako, anasema mwalimu siku hizi anafundisha kwa fimbo kama mchunga mbuzi. Hilo ndilo linalonisumbua."

Mke wa mteja huyo hakuwa peke yake katika kulalamika. Katika lile darasa la asubuhi alikuwemo mkunga mstaafu, mama aliyekula chumvi nyingi, aliyezalisha wanawake wa mitaa yote ya karibu na bado aliwatambua waliozaliwa mikononi mwake kwa masikio yao. Alikuja kujifunza kuogelea kwa sababu ya magoti. Daktari alimwambia maji yatampa nafuu. Alikuwa hodari kwa kila kitu isipokuwa kimoja. Alipiga miguu akishika ukingo, alitembea majini, alielea na boya tumboni. Lakini kuzamisha uso, hapana. "Uso wangu na maji hukutana kwenye beseni," alikuwa akisema, "na hata huko mimi ndiye ninayeamua."

Asubuhi moja Kasa alisimama ukingoni na fimbo yake, akamwambia kwa mara nyingine avute pumzi, ashuke, atoe mapovu.

Mkunga akamtazama kutoka majini, mikono kiunoni.

"Mwalimu, nikuulize. Kazi yangu ilikuwa kuwaambia wanawake wasukume. Unadhani nilikuwa nawaambia nikiwa nje ya mlango? Nilikuwa palepale, mkono wangu umebanwa hadi vidole vimekufa ganzi. Wewe unaniambia nizame, na umesimama huko juu, umevaa fulana, mkavu kama biskuti."

"Nina mafua, mama."

"Mafua gani hayo yasiyo na kamasi?"

"Hana mafua," Mama Duka akadakia. "Ni nywele. Hataki zilowe tukaona."

Hata yule aliyekuwa akipiga miguu aliacha. Kasa alihisi joto likipanda kutoka shingoni, akatazama filimbi yake kana kwamba ilikuwa imeandikwa jibu. Mkunga aligeuka kwa Mama Duka, kisha akamgeukia mwalimu, na uso wake ukabadilika, ukawa ule ambao bila shaka wanawake wengi walikuwa wameuona wakiwa kitandani kwenye uchungu.

"Kumbe ndilo hilo?" alisema kwa upole. "Mwanangu, mimi nimepokea vichwa vingi visivyo na unywele hapa duniani. Sijarudisha hata kimoja."

Kicheko kilicholipuka kiliwashtua ndege juu ya paa la vyumba vya kubadilishia nguo. Mama Duka alijishika kwenye ngazi. Kasa alitaka kuvumilia akashindwa, mabega yakaanza kumtikisika.

"Haya, sikiliza," mkunga akasema walipotulia. "Tufanye hivi. Wewe una kichwa hutaki kukilowesha, mimi nina uso sitaki kuuzamisha. Ingia. Zama wewe kwanza, mimi nakufuata. Usipoingia, navaa nguo zangu naenda nyumbani, na magoti yangu yatakuwa juu ya dhamiri yako."

Kasa aliilaza fimbo sakafuni. Akavua fulana, na nywele zilizokuwa zimepangwa kwa subira tangu alfajiri zikasimama ovyo. Akapiga moyo konde, akajitosa.

Maji yalikuwa ya baridi, yana ile harufu ya klorini aliyoizoea kama harufu ya nyumbani. Alishuka hadi tumbo likagusa vigae. Huko chini sauti zote zilikufa. Alibaki yeye, mwanga uliokuwa ukicheza sakafuni, na miguu ya kina mama imesimama mbele yake kama nguzo. Alihisi nywele zake zikielea, zile za mbele zote, za katikati zile chache, hakuna iliyokuwa imepangwa, na maji yakipita moja kwa moja kwenye ngozi ya utosi. Ilikuwa raha. Alikuwa amesahau ni raha kiasi gani. Akakaa kidogo. Kisha akakaa tena kidogo.

"Amekufa!" akasikia kwa mbali sauti ya Mama Duka alipochomoza. Alikuwa kwenye kona nyingine kabisa, ametulia, maji yakimtiririka.

"Hajafa, ndivyo alivyo," mwingine akasema. "Ndiyo maana anaitwa Kasa."

Mama Duka alimsogelea, akakitazama kichwa chake bila aibu, mbele na juu. "Kweli zimebaki chache," alisema.

"Nashukuru," Kasa akajibu, na wala hakuzirudisha nywele nyuma.

Halafu akaenda kusimama mbele ya mkunga, akampa mikono yote miwili. Bibi huyo akafumba macho, akavuta pumzi iliyotosha watu wanne, akashuka. Mapovu yakaja juu. Vidole vyake vilimbana mwalimu hadi vikamuuma. Alipochomoza alikohoa, akapangusa uso, akatazama huku na huku kama aliyefika mji mgeni.

"Maji yameingia puani, masikioni, na sehemu nyingine ambazo sitazitaja," akatangaza. "Tena."

Baada ya darasa Kasa hakuchana nywele. Alivaa shati, akatembea barabarani kichwa kibichi, upepo ukimpuliza pale katikati, akaingia dukani kwa mkewe. Mkewe alikuwa akimalizia mteja, anampindia mkono wa fremu ukae vizuri juu ya sikio. Mteja alipotoka, akamwonyesha mumewe kiti cha kupimia.

"Kaa hapo. Umelowa."

"Nimeingia majini."

"Naona." Mkewe alikigeuza kioo cha mezani kimwelekee. "Unajua kazi yangu. Kutwa nawauliza watu: hivi au hivi? Ipi unaona vizuri? Hakuna anayejua hadi ajaribu. Tazama." Akazirudisha zile nywele za mbele nyuma kwa kiganja, akazibana. "Hivi?" Akaziachia zikaanguka usoni. "Au hivi?" Halafu akazifunika zote kwa mikono miwili, mbele hadi kisogoni. "Au hivi?"

Kasa alitazama. Uso uliokuwa kwenye kioo ulikuwa wa mtu mzima kidogo kuliko alivyotaka, masikio makubwa kuliko alivyokumbuka. Lakini alikuwa mtu anayefahamika.

"Niambie ukweli," akasema. "Wewe unaonaje?"

"Nilizipenda zikiwa nyingi, sitakupaka mafuta. Na nilifurahi ulipofurahi. Lakini sasa hivi nimechoka kupanga foleni ya bafuni kwa ajili ya nywele ambazo zikitoka nje zinaogopa kila kitu. Mvua zinaogopa. Bwawa zinaogopa."

"Na kovu?"

Alipitisha kidole kisogoni. "Hili? Ni kama mtu alijaribu kalamu. Mimi naliona kila siku na sijakukimbia."

Wakazungumza pale hadi mteja mwingine alipokuja, na Kasa akakata shauri. Hatakwenda kupandikizwa tena. Ile akiba ya kisogoni na ikae ilipo. Ile dawa ataiacha, kwa kuwa hakutaka kila jioni yake iwe chini ya amri ya chupa, hata kama ingemsaidia. Atapunguza nywele zote kwa mashine ziwe fupi kabisa, za mbele na za nyuma zilingane na pengo. Na zisipompendeza?

"Zitaota," mkewe akasema. "Na ukibadili mawazo, hospitali haijahama."

Walimnyoa Jumamosi mchana uani, juu ya kigoda, shuka la zamani shingoni. Mashine ilikuwa ya kaka, ambaye alikuja nayo amevaa shati safi kana kwamba amealikwa harusini, akataka kunyoa yeye. Mke wa Kasa alimpokonya. "Wewe umezoea matairi," alisema. Binti alishika kioo. Nywele zilianguka mabegani, zile za kupandikizwa zikiwa nzito na nyeusi kuliko nyingine zote, na Kasa alipoziona kwenye shuka moyo ulimuuma kidogo. Alizipenda zile. Zilikuwa zimekuja kwa shida, zikamstahi miaka mingi.

Kazi ilipokwisha, kaka hakufanya mzaha waliokuwa wakiutarajia. Alisimama mbele ya mdogo wake, mikono mfukoni.

"Huyo ni baba," alisema. "Mtazameni. Ni baba kabisa." Akaingia ndani kutafuta maji ya kunywa, na alikaa huko muda mrefu.

Jumatatu, mzazi mmoja aliyeleta watoto wake bwawani alimuuliza Mama Duka yule mwalimu mwenye nywele alikwenda wapi. "Amehamishwa," Mama Duka akamjibu bila kupepesa macho. "Huyu ni ndugu yake, ila anafundisha vizuri zaidi. Yeye anaingia majini." Ikachukua siku mbili kuisahihisha habari hiyo, na hata hivyo wengine hawakusadiki.

Yalitokea pia mambo ambayo hakuyafikiria. Utosi ulichomwa na jua ukabambuka kama ganda la kiazi, mkewe akamnunulia mafuta ya kuzuia jua na kofia pana ya majani aliyoiacha kila mahali. Na zile za kupandikizwa hazikukubali kunyamaza. Za katikati zilikua kwa uvivu, lakini za mbele kila baada ya siku chache zilichomoza kwa bidii, nyeusi, zimejipanga, na ikambidi azipunguze kabla ya nyingine. "Hizi," alimwambia binti yake akiwa na mashine mkononi, "ndizo wafanyakazi bora niliowahi kuwa nao. Hazijui kwamba mradi umefungwa."

Kuna asubuhi nyingine bado alijitazama akajisikia vibaya. Alikuwa akipita picha ya ukutani ya ile miaka ya kitana, yeye mstari wa mbele, akasimama. Halijaisha kabisa jambo hilo. Lakini lilimkuta akiwa njiani kwenda kazini, na kazini kulikuwa na kazi.

Mwishoni mwa mwaka binamu yake, dereva wa lori, kijana bado, wa umri wa kuhangaika na mambo hayo, alikuja kumtembelea. Alikunywa chai, akazungumza habari za barabara, akazungumza habari za mpira, akavua kofia yake, akaivaa tena. Kasa alimwacha azunguke hadi achoke.

"Nataka kwenda kupandikiza," binamu akasema hatimaye. "Lakini nimesikia wewe umenyoa. Kwa hiyo ilikuwa kazi bure? Unajuta?"

"Hapana," Kasa akasema. "Nilikuwa na raha miaka ile. Ningekuambia najuta ningekuwa nakudanganya."

"Basi niende?"

"Hilo ni lako. Ila ukifika, usitazame picha za ukutani. Mwulize daktari zile ambazo hatazigusa zitakuwa wapi baada ya miaka kumi. Mwulize kisogoni mwako pana akiba kiasi gani. Na kama atakuambia utahitaji dawa miaka yote, jiulize kama wewe ni mtu wa kukumbuka dawa. Wewe hata funguo za lori unazisahau."

Binamu akacheka, akazungusha kikombe mezani. "Naweza kushika?"

Kasa akainama. Binamu alipapasa kwa uangalifu, kwanza mbele, kwenye vile visiki vigumu, kisha katikati palipo laini, kisha kisogoni hadi kwenye kovu.

"Hizi za mbele ni kama brashi ya viatu," alisema kwa mshangao.

"Hizo ndizo zenyewe."

"Na huku katikati..."

"Huko ni mimi," Kasa akasema.

Binamu aliendelea kupapasa kidogo, akifikiri, kama mtu anayechagua kitambaa. Mke wa Kasa alichungulia kutoka jikoni, akawaona wanaume wawili wazima, mmoja ameinama, mwingine anamshika kichwa kwa makini, akauliza kama chakula akilete sasa au wamalize kwanza mkutano wao. Wakasema alete.